Kabila Lako Si Cheti cha Uraia

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haina orodha ya makabila. Hakuna ibara inayosema Mmwera ni raia kamili, Mmakua ni raia wa kuchunguzwa kwanza, au Mmakonde athibitishe babu yake alivukia wapi mto Ruvuma. Hata hivyo, mkazi wa Nachingwea au Ruangwa anayekwenda kuomba kitambulisho cha taifa, pasipoti, au barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji anaweza kukutana na swali la "wewe kabila gani?" mapema kuliko swali la alizaliwa wapi na lini. Jibu lake likishatoka, maswali yanayofuata hubadilika. Anayesema Mmwera hupita. Anayesema Mmakonde au Mmakua huulizwa ni wa upande gani, na mwenye matamshi ya Kimakonde cha Msumbiji huenda akaitwa Mmawia, jina wanalobandikwa Wamakonde wa ng'ambo, kabla hajafungua bahasha yenye vyeti vyake. Makala haya yanatetea hoja moja: kabila linaeleza asili, lugha na mila za mtu, lakini kisheria halimpi mtu uraia wala halimwondolei, na afisa anayelitumia kama kipimo cha uraia anafanya jambo ambalo Katiba imelikataza.

Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inapiga marufuku ubaguzi unaofanywa na mtu yeyote au mamlaka yoyote yenye madaraka chini ya sheria. Ibara hiyohiyo haikuliacha neno ubaguzi lielee hewani. Imeeleza kwamba kubagua ni kuwatendea watu tofauti kwa kuangalia mambo kama utaifa wao, kabila, pahala walipotokea, rangi, dini, jinsia au maoni yao ya kisiasa, kiasi cha kuwafanya wengine waonekane duni. Kabila na pahala mtu alipotokea vimetajwa kila kimoja kwa jina lake. Ibara ya 9 inaitaka Serikali na vyombo vyake kutoa nafasi sawa kwa raia wote bila kujali kabila. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama cha siasa kinachokusudia kuendeleza maslahi ya kikundi cha kikabila au ya watu wa sehemu fulani. Sehemu ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na tangu 1988 mwananchi anaweza kuitumia mahakamani. Kwa hiyo tunazungumzia haki inayodaiwa, yenye jaji wa kuisikiliza, na mtendaji wa kata naye amefungwa nayo kama alivyofungwa waziri.

Inafaa kueleza kwa nini lebo ya kabila ni ushahidi dhaifu hasa katika wilaya hizi mbili, Nachingwea na Ruangwa, kuliko mahali pengine pengi nchini. Mpaka wa Ruvuma ulichorwa mwaka 1886 kwa makubaliano ya Wajerumani na Wareno, na Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa tayari wanaishi, wanaoana na kuhamahama pande zote za mto. Wangindo wametawanyika kuanzia Liwale, na Wamwera wanaoonekana leo kuwa wenyeji wa kudumu wameishi karne nzima wakipokea wageni na kuwageuza ndugu. Kisha ukaja Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwanzoni mwa 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake matatu makubwa, pamoja na Kongwa na Urambo, na reli ikajengwa kuiunganisha na pwani. Reli ilifungwa mwaka 1962, lakini watu walioletwa na kazi zile, kutoka mikoa mingine na kutoka ng'ambo ya Ruvuma, hawakuondoka wote pamoja nayo. Miaka michache baadaye Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, chini ya Samora Machel, na wakimbizi wa vita vya ukombozi wakapewa makazi Rutamba, mkoani humu Lindi. Mwaka 1975 Msumbiji ilipopata uhuru, wengi walirudi kwao. Wengine walibaki, wakaoa, wakaolewa, wakapanda mikorosho.

Tazama basi jina moja, Mmakonde, linavyobeba watu wasiofanana kisheria hata kidogo. Ndani yake yumo ambaye mababu zake walikuwa Newala kabla ya mpaka kuchorwa. Yumo mjukuu wa kibarua wa shamba la karanga, yumo mtoto wa mkimbizi wa 1965 aliyezaliwa hapa na mama Mmwera, na yumo aliyevuka mto mwaka jana. Wanne hawa wanaweza kuwa na majina ya ukoo yaleyale na nyimbo za jando zilezile. Wa kwanza ni raia bila shaka yoyote, wa nne ni mgeni, na wawili wa katikati wanahitaji kuulizwa maswali ambayo kabila haliwezi kuyajibu: ulizaliwa wapi, lini, na wazazi wako ni akina nani. Kwa hiyo afisa anayetegemea kabila hukosea mara mbili. Humsumbua raia, na anaweza pia kumpitisha asiye raia aliyejifunza kutaja kabila linalokubalika.

Maswali hayo yanatoka katika Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995. Sheria hii inajua raia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi, na wa tajnisi, yaani mgeni anayeomba na kupewa uraia. Aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, yaani 26 Aprili 1964, ni raia wa kuzaliwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile mtoto ambaye wazazi wake wote si raia na baba yake ana kinga ya kibalozi. Aliyezaliwa nje ya nchi naye anaweza kuwa raia wa kurithi kupitia mzazi aliye raia, lakini si kupitia mzazi ambaye uraia wake mwenyewe ni wa kurithi tu. Kwa wazee mambo yanakwenda kwa sheria za nyuma. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyekuwa amezaliwa hapa chini ya utawala wa Mwingereza alipata uraia papo hapo ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa nje hakuupata papo hapo, na alitakiwa kujiandikisha. Mzee aliyezaliwa Nachingwea mwaka 1949 kwa wazazi wawili waliotoka Msumbiji kwa ajili ya kibarua yuko katika hali tofauti kabisa na mdogo wake aliyezaliwa nyumba hiyohiyo mwaka 1966. Kabila lao ni moja. Tarehe ndizo zinazowatenganisha.

Hapa lazima niseme wazi jambo ambalo maelezo mengi ya haki huliruka. Maneno ya sheria kuhusu mtoto aliyezaliwa nchini hayasemi kwamba lazima mzazi mmoja awe raia. Lakini kwa miaka mingi mamlaka zimeisoma sheria kana kwamba sharti hilo limo, na ofisini utaombwa vyeti vya wazazi, hata vya bibi na babu. Kwa maoni yangu usomaji huo hauna msingi katika maandishi ya kifungu, na watunga sheria, kama walitaka sharti hilo, walipaswa kuliandika. Bado, mwananchi anayejiandaa kwenda ofisini hafaidiki kwa kuambiwa tu kwamba ana haki kwenye karatasi. Ajiandae kwa hali zote mbili: atangulize uthibitisho kwamba alizaliwa Tanzania, na aongeze uthibitisho wa mzazi mmoja aliye raia kama anao. Na mzazi huyo anaweza kuwa mama. Hili nalisisitiza kwa sababu huku kusini, ambako ukoo kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde umehesabiwa kwa upande wa mama, bado husikika ofisini kwamba mtoto hufuata taifa la baba. Sheria ya Uraia haisemi hivyo. Mtoto aliyezaliwa Ruangwa na mama Mtanzania na baba wa Msumbiji hahitaji ruhusa ya baba wala taifa la baba. Cha kuangalia ni kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwenye uraia wa pili kwa kuzaliwa anapofika miaka 18 anatakiwa kuukana huo mwingine ili abaki Mtanzania.

Anayedhani kwamba kufunga uraia kwenye kabila kungerahisisha mambo atazame Kenya. Wamakonde waliokwenda Kwale kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, baadhi yao tangu zama za ukoloni, waliishi kwa miongo kadhaa bila vitambulisho, wao na watoto na wajukuu waliozaliwa hapo, kwa kuwa jina la kabila lao halikuwamo miongoni mwa makabila yanayotambuliwa na serikali. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na baada ya hapo Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Wakaanza kuitwa kabila la 43 la Kenya. Nilifurahi kama kila mtu aliyeona wazee wale wakishika vitambulisho vyao kwa mara ya kwanza, lakini njia waliyopitia inatia uchungu: walilazimika kwanza kutangazwa kuwa kabila ndipo wahesabiwe kuwa watu wa nchi. Tanzania ilichagua mlango mwingine. Mwaka 1963 ilifuta utawala wa machifu, na sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuhesabu watu kwa makabila yao. Zipo pia dalili kwamba Serikali yenyewe, inapoamua kwa utulivu, haichanganyi mambo haya mawili. Wakimbizi kutoka Somalia waliowekwa Chogo, mkoani Tanga, ambao asili yao inahusishwa na Wazigua waliochukuliwa utumwani, hawakufanywa raia kwa sababu ya Uzigua wao. Walipitia tajnisi kama wageni wengine. Na Warundi zaidi ya 160,000 waliopewa uraia mwaka 2014 hawakuzuiwa na kutokuwa na kabila la Kitanzania. Kama Uzigua haukutosha kumpa mtu uraia, Umakonde hauwezi kutosha kumnyima.

Liko pingamizi zito ambalo haifai kulikwepa. Wilaya hizi haziko mbali na mpaka, na tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, upande wa pili wa Ruvuma, imekuwa katika vita. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na watu wakauawa. Afisa wa Uhamiaji anaweza kuuliza kwa haki: nitalindaje nchi nisipomchunguza anayezungumza kama watu wa ng'ambo? Jibu ni kwamba kuchunguza kunaruhusiwa, na hata ni wajibu wake. Sheria inampa afisa uwezo wa kumwuliza mtu maswali na kumtaka aoneshe nyaraka. Kinachokatazwa ni kuifanya lugha au sura ya mtu kuwa hukumu, na kumwekea mtu wa kabila moja masharti ambayo jirani yake wa kabila lingine hawekewi. Usalama wenyewe unapotea pale watu wa kabila zima wanapoona kwamba ofisi ya serikali ni mahali pa kudhalilishwa, kwa sababu wao ndio wa kwanza kujua mgeni amelala nyumba gani. Mtu anayeogopa kuitwa mgeni hatapiga simu kuripoti mgeni.

Pingamizi la pili ni jepesi kidogo lakini ndilo linalosikika zaidi: kwamba haya ni mazoea na utani tu. Ni kweli fomu za maelezo ya polisi na hati za mashtaka zimezoea kuwa na nafasi ya kuandika kabila, na kutaja kabila lako hapo si kukiri chochote. Unaweza kulitaja bila wasiwasi. Utani wa makabila nao ni mali yetu, umezika wafu wetu na kupoza hasira nyingi. Lakini utani una sharti lake, kwamba mtani anaweza kukujibu. Mwananchi aliyesimama mbele ya meza anaomba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ambayo bila hiyo hata laini ya simu haisajiliwi, hawezi kumjibu afisa kwa utani, na afisa anajua hivyo. Na neno la kudhalilisha likitamkwa hadharani kwa namna inayoweza kuvuruga amani, hilo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, awe aliyelitamka ana cheo au hana. Ulinzi huu haumhusu raia peke yake. Ibara ya 12 na ya 13 zinazungumzia heshima na usawa wa watu, na hata anayebainika kwamba si raia ana haki ya kutopigwa, kutotukanwa, na kushughulikiwa kwa utaratibu wa sheria.

Nani basi anapaswa kuthibitisha? Ofisini mara nyingi mzigo wote hutupwa kwa mwananchi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ililitazama jambo hili katika shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania, na kutoa hukumu tarehe 22 Machi 2018. Mlalamikaji, mzaliwa wa mkoa wa Mara, alikuwa na cheti cha kuzaliwa, pasipoti na kadi ya mpiga kura. Pasipoti yake ilichukuliwa mwaka 2012 alipokwenda polisi kushughulikia taratibu za ndoa, na mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya, ambako nako hakukubaliwa, akabaki katika ardhi isiyo ya mtu kwenye mpaka wa Sirari. Mahakama ilisema kwamba mtu akishakuwa na nyaraka za uraia zilizotolewa na Serikali yenyewe, Serikali ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha kwamba si raia. Iliona pia kwamba haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa, na kwamba sheria yetu haimpi raia wa kuzaliwa njia ya wazi ya kwenda mahakamani uraia wake unapokanushwa, na ikaagiza sheria irekebishwe. Ni kweli kwamba Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja katika mahakama ile, na mlango huo ukafungwa mwaka uliofuata. Nasikitika kwa uamuzi huo. Lakini hoja ya hukumu ile haikufutika, na wakili anaweza kuitumia mbele ya Mahakama Kuu. Inafaa pia kujua kwamba Sheria ya Uraia haimpi waziri uwezo wa kumnyang'anya uraia raia wa kuzaliwa. Kinachofanyika ni kutamka kwamba hukuwa raia tangu mwanzo, kama alivyoambiwa mwandishi Jenerali Ulimwengu mwaka 2001. Ndiyo maana nyaraka za mwanzo wa maisha yako zina uzito kuliko zote.

Kwa vitendo, mambo yanakwenda hivi. Ukiulizwa kabila, jibu kwa heshima, kisha rudisha mazungumzo kwenye nyaraka: hiki cheti changu cha kuzaliwa, hiki cha mama yangu, hii barua ya serikali ya kijiji. Kama huna cheti cha kuzaliwa, RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, husajili waliochelewa, na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba na hati ya kiapo cha mzee anayekufahamu husaidia kujenga ushahidi. Usiongeze uongo hata mmoja, wala usibadilishe jina la ukoo ili lisikike kama la huku. Taarifa ya uongo katika maombi ya uraia ni kosa, na inaweza kuharibu haki ya kweli uliyokuwa nayo. Ukinyimwa huduma, omba sababu kwa maandishi, andika jina na cheo cha aliyekuhudumia pamoja na tarehe. Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa sababu, ya kuwasiliana na ndugu au wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kwa makosa ya kawaida. Ukifikishwa mahakamani kwa kosa la kuishi nchini bila kibali, na wewe unaamini ni raia, usikiri kosa kwa sababu umeambiwa faini ni ndogo na utarudi nyumbani jioni. Kukiri kwako kunaweza kugeuka kuwa ushahidi dhidi ya watoto wako. Sema si kweli, omba mkalimani kama Kiswahili cha mahakama kinakuzidi, na omba msaada wa kisheria, ambao umewekewa utaratibu na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi wa kisheria wa wilaya hawatozi ada. Uamuzi wa afisa au waziri unaweza kupelekwa Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, kwa njia ya mapitio, lakini maombi hayo yafunguliwe ndani ya miezi sita. Yapo pia maombi ya kikatiba chini ya Ibara ya 30. Marekebisho ya 2020 yalimtaka anayelalamika awe ameathirika yeye mwenyewe na awe amemaliza njia nyingine, kwa hiyo muulize wakili kama masharti hayo bado yanatumika.

Lebo za kabila hazifanyi kazi yake kwenye uraia peke yake. Machimbo na utafutaji wa madini ya kinywe na dhahabu umeleta ajira Ruangwa, na pamoja nazo kilio kwamba wazawa wapewe kwanza. Kilio hicho kina haki ndani yake, kwani kijiji kinachopoteza mashamba kinastahili kunufaika. Lakini kampuni inaweza kutoa kipaumbele kwa raia wa Tanzania kama kanuni za madini zinavyotaka, na inaweza kuweka makubaliano na kijiji kuhusu wakazi wake. Haiwezi kumkataa mkazi wa miaka ishirini kwa kuwa ni Msukuma, au kumwajiri kijana kwa kuwa ni Mmwera. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja kabila na mahali pa asili miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa. Aliyeachishwa kazi kwa sababu hiyo anapeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na kwa migogoro mingine ndani ya siku 60. Vivyo hivyo kwa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 humpa hakimiliki ya kimila raia, familia au kikundi cha raia, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha ugawaji. Wafugaji wengi waliofika mkoa wa Lindi baada ya kuondolewa Ihefu na Usangu mwaka 2006 na 2007 wanaweza kukataliwa eneo kwa sababu kijiji hakina ardhi ya malisho, kwa sababu hawakufuata utaratibu, au kwa sababu mifugo yao imekula ufuta wa watu. Hizo ni sababu za kweli na mkulima ana haki ya kulipwa fidia. "Wasukuma hatuwataki" si sababu, na halmashauri ya kijiji inayoiandika kwenye muhtasari wake inajitengenezea kesi.

Hata mirathi, ambako mila za kabila bado zina nguvu ya sheria, lebo haiamui peke yake. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilipokea shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi, Mngoni aliyeishi mbali na maisha ya kimila, na ikaangalia namna alivyoishi badala ya kabila alilozaliwa nalo, ikakataa kutumia mila za Kingoni. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, alikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba alilorithi, akisema Katiba haikubali ubaguzi huo. Kwa hiyo mjomba akikuambia kwamba kwa Wamwera mambo ni hivi, mila hiyo inastahili kusikilizwa kwa heshima, kisha ipimwe kwa Katiba kama sheria nyingine yoyote.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi ya tawi mjini Lindi, na hupokea malalamiko ya ubaguzi kwa mdomo au kwa maandishi, bila malipo. Lakini usingoje mpaka ugomvi utokee. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye hajasajiliwa, mpeleke wiki hii kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata ukiwa na kadi ya kliniki, apewe cheti. Kama wazazi wako wazee bado wako hai na hawana karatasi yoyote, kaa nao, andika walizaliwa wapi, lini na kwa nani, kisha mwende pamoja kwa hakimu au wakili mkaape hati ya kiapo wakati bado wanaweza kusema wenyewe.